Generosa na Lori la Wadai

Hapana, halikumkanyaga. Kaa kwanza, nitakwambia. Wiki nzima kila ninapopita mtu ananishika mkono: "Mzee Leonidasi, lori lilimkanyaga Generosa au halikumkanyaga?" Hata padri kaniuliza pale nje baada ya misa, na yule ni mtu wa subira.

Generosa ni binti yangu wa kumzaa. Lingemkanyaga, ningekuwa nimekaa hapa nasimulia?

Wiki jana gazetini tuliachia pale lori linashuka mteremko wa Rusenga kwenye utelezi, na Generosa kalala chali katikati ya barabara.

Dereva akakanyaga breki. Lori likakataa. Likawa linakuja upande upande, tope linaruka mpaka kwenye migomba, wanawake wanamlilia mama kwa Kiha, "Mawe! Mawe wee!" Mimi nilifumba macho. Nisikudanganye, sikuona.

Nilipofumbua, bampa ilikuwa juu ya magoti yake. Juu, lakini haijamgusa. Tairi la kushoto limekanyaga ncha ya kitenge.

Dereva, kijana wa Manyovu anaitwa Ndayisenga, akashuka, akaenda pembeni akatapika. Halafu akarudi akapiga magoti kwenye tope.

"Mama, uko mzima?"

"Niko mzima. Umenikanyagia kitenge."

"Nirudishe gari nyuma?"

"Rudisha. Lakini usije ukakosea ukalipeleka mbele, mwanangu. Mimi sitoki hapa."

Akarudisha nyuma hatua chache. Generosa akavuta kitenge chake, akakikung'uta tope, akalala tena.

Sasa kwa wewe ambaye gazeti la wiki jana lilifungiwa sukari dukani, nikwambie kwa kifupi. Mkoa ulikopa kwenye benki moja ya nje. Nchi siitaji, maana siku hizi gazeti linasomwa mpaka huko kwenye simu. Pesa za pampu za maji, vijiji vya kuanzia huku kwetu mpaka kule Kasanda. Pampu zikaja. Benki inasema haijalipwa. Mkoa unasema pampu zilikuja pungufu, na zingine zilikufa kabla ya masika ya pili, nani analipa maiti? Wamevutana miaka. Mwisho benki ikaenda mahakamani ikapata amri ya kung'oa mashine.

Na mashine iliyo nzima, inayopandisha maji mlimani bila kukohoa, ni ya kwetu Rusenga. Basi wakaziacha zilizokufa, wakaja kung'oa iliyo hai.

Kwa nini Generosa alale barabarani na si mwingine? Kwa sababu kabla ya pampu tulikuwa tunateremka bondeni, njia ile ya mawe, na masika moja binti yake mkubwa aliteleza na ndoo kichwani. Tulimpandisha kwa mikono yetu. Generosa amebaki na binti mmoja tu, Jeanne, naye ni mjamzito.

Basi. Mlango wa pili wa lori ukafunguka, akashuka mtu wa benki, Bwana Halden. Mrefu, buti mpya, shingo imeungua jua. Kiswahili anacho, ila anakitoa kipande kipande.

"Mama. Mimi sina ubaya na wewe. Nina amri ya mahakama."

"Na mimi nina mgongo. Huu hapa chini. Pita juu yake."

"Siwezi kupita juu ya mtu."

"Basi rudi kwenu ukawaambie hivyo hivyo."

Watu wakacheka. Bwana Halden hakucheka. Akaangalia nyuma kama anayetaka kurudi kweli, na hapo hapo tukasikia kishindo.

Pwaa!

Ule mkaratusi mkubwa wa kwenye kona ulikuwa umelala, shina liko upande huu, majani yako upande ule, barabara ya Kasulu imefungwa. Juu ya shina kasimama Tharsisi, mkwe wa Generosa, mume wa Jeanne, jasho linamtiririka, shoka begani.

"Hakuna anayeingia, hakuna anayetoka!" anapiga kelele. "Pampu haitoki Rusenga!"

Tukampigia vigelegele. Na mimi nilipiga, mzee mzima. Laiti ningejua.

Maana ndani ya ile kona, kabla tu mti haujaanguka, lilikuwa limeingia gari jingine. Landkruza nyeupe, namba za kibalozi, kibendera kidogo mbele kimelowa mvua. Tharsisi aliliacha lipite kwa makusudi, ndipo akaangusha mti nyuma yake. Nikamuuliza, kwa nini?

"Babu, humo ndani yumo Nestori wa mkoani. Leo hakimbii. Leo atatujibu."

Na kweli alikuwemo. Lakini wa kwanza kushuka alikuwa mama mmoja wa makamo, nywele fupi za mvi, koti la ofisini na mabuti ya mpira. Mama Marit, wa ubalozi wa nchi ile ile ya benki. Yeye anasema si balozi, ni afisa tu. Sisi tukaona aliyefika ndiye balozi.

Tukamsalimia kwa makofi, kama tunavyosalimia wageni huku, "Mwakeye, mama," akainama kidogo na kupiga makofi na yeye. Alikuwa amefundishwa, au aliangalia akaiga. Vyote ni heshima.

"Nimekuja kusikiliza," akasema. Kiswahili chake kilikuwa cha darasani, kila neno limepigwa pasi. "Ningependa kila upande ueleze msimamo wake."

"Msimamo wangu ni kulala," Generosa akajibu kutoka chini.

Nestori akashuka nyuma yake, taratibu, anatafuta pa kuweka kiatu. Mtu wa Morogoro huyu, afisa wa serikali kahamishiwa mkoani kwetu, mpole, anaongea vizuri. Ubaya wake ni huo, anaongea vizuri.

"Ndugu zangu wananchi, serikali inalifahamu jambo hili na inalifanyia kazi."

"Tangu lini?" Melkiadi akauliza, yule mwenye shamba la mihogo hapo kando ya barabara.

"Liko katika hatua nzuri."

"Hatua hiyo inaelekea wapi? Maana lori limeshafika."

"Bwana Nestori," Mama Marit akaingia, "mkoa uko tayari kulipa sehemu, ili pampu hii ibaki?"

"Tuko tayari kukaa na kuzungumza juu ya utayari huo."

Nakwambia, hata Ndayisenga dereva alicheka, na yeye analipwa na benki.

Mama Marit akamgeukia Bwana Halden. Wakaanza kwa lugha yao, baadaye wakasahau, wakachanganya na Kiswahili, tukawa tunasikia wote.

"Ubalozi unaomba benki isubiri. Miezi mitatu."

"Ubalozi hauna amri juu ya benki."

"Balozi wetu alisimama hapa, siku ya ufunguzi. Alikata utepe. Watu hawa wanakumbuka bendera gani ilikuwa hapa."

"Utepe haulipi mkopo, Marit."

"Na pampu moja iliyochakaa inalipa? Utaiuza wapi? Bei gani?"

Bwana Halden akakuna shingo yake iliyoungua. Akasema polepole, "Siulizwi bei. Naulizwa kama nimeichukua."

Hapo nilimwonea huruma kidogo, nisifiche. Na yeye ana wakubwa zake.

Lakini huruma haikukaa. Aliangalia saa, akaangalia mawingu, akasema mazungumzo yamekwisha. Kama mama haamki, atatuma wafanyakazi wake kwa miguu mpaka kwenye pampu waanze kufungua nati, na lori litasubiri hapo hapo hata wiki. Wafanyakazi wakashuka nyuma ya lori na mikoba ya spana.

Tharsisi akaruka kutoka kwenye mti na shoka lake. "Wa kwanza kugusa nati, mimi na yeye!"

"Tharsisi! Weka shoka chini!" nikamfokea.

"Siweki, babu!"

Sasa ndiyo ilikuwa inaharibika. Ngumi zimeshakunjwa, mawe yameshaokotwa, Nestori kajificha nyuma ya Mama Marit, mama wa watu kasimama katikati kanyoosha mikono yote miwili. Nikasema leo Rusenga damu itamwagika.

Ndipo tukasikia kule juu, njia ya kituo cha afya, watu wanaimba ule wimbo wa kukazana.

Wimbo ule hauimbwi ovyo. Kila mtu akageuza shingo.

Ilikuwa ingobyi. Machela yetu ya mianzi, inabebwa mabegani, wanaume wanne wanne wanapokezana. Mbele yake anakimbia Anifa, yule nesi wa Tanga, ushungi umelowa, kandambili moja imebaki njiani.

"Gari! Nipeni gari! Gari lolote!"

"Ni nani?" Generosa akauliza. Alikuwa bado amelala. Aliuliza akiangalia mawingu.

Anifa akasita. Na kusita kule kulitosha.

"Jeanne?" Generosa akasema.

"Mama, uchungu umeanza tangu alfajiri, mwenyewe akakataza msiitwe. Mtoto kalala kimkingamo. Mkono umetangulia. Mimi hapa siwezi, anataka kupasuliwa, anataka kwenda Kasulu sasa hivi."

"Gari la wagonjwa?"

"Liko Kibondo, daraja limezolewa, haliwezi kurudi."

Tharsisi akamwona mkewe juu ya ingobyi. Shoka lilimtoka mkononi lenyewe. Akageuka akauangalia ule mti wake, shina nene kuliko kifua cha ng'ombe, limelala katikati ya barabara ya Kasulu.

Mke wake upande huu. Hospitali upande ule. Na mti ameuangusha yeye.

"Mawe," akasema.

Wenzake wakakimbilia msumeno. Msumeno uko wapi? Umebanwa chini ya shina, ulivunjika mti ulipolala. Yamebaki mashoka. Kwa mashoka mti ule ni kazi ya mpaka kesho. Tumvushe juu ya shina tuendelee kwa mabega? Mpaka Kasulu kwa mabega, Anifa akatikisa kichwa tu. Na magari ya upande ule yote yalishasikia habari yetu, yamegeuza, barabara nyeupe.

"Lori lina winchi," Ndayisenga akasema.

Wote tukamgeukia.

"Lina winchi ya mbele, na cheni. Ya kuvutia hiyo pampu. Linaweza kuuburuza mti. Lakini limeangalia huku, mti uko nyuma. Lazima ligeuke, na hapa haligeuki, barabara ni nyembamba, pande zote mitaro. Linageukia mahali pamoja tu."

"Wapi?" Mama Marit akauliza.

Ndayisenga akanyoosha kidole mbele, kumpita Generosa pale chini, mpaka kule kwenye uzio wa bati.

Uwanja wa pampu.

Umeona sasa? Ili Jeanne apite, lori ligeuke. Ili lori ligeuke, liingie uwanjani. Na likiingia uwanjani, limefika pale pale ambapo Generosa aliapa kwamba litafika juu ya maiti yake.

Mama Marit alimshika Bwana Halden mkono. "Litageuka tu. Niahidi mbele ya watu hawa. Litageuka, halipakii."

Bwana Halden uso umekuwa mweupe kama unga. "Siwezi kuahidi. Nikifika kwenye mashine na nisiichukue, nimevunja amri kwa mkono wangu. Nitasema nini kwao?"

"Utasema kulikuwa na mama mzazi!"

"Watauliza mama huyo ameandikwa wapi kwenye mkopo."

Watu wakaguna vibaya. Mtu akarusha donge la tope likampiga Bwana Halden kifuani.

Na Generosa akaamka.

Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyethubutu kumwomba, hata mimi baba yake. Aliamka taratibu, mgongo wote tope, akajifunga kitenge upya, akasogea pembeni akasimama kwenye majani.

"Pita," akamwambia Ndayisenga.

"Mama..."

"Nimesema pita. Chukueni mnachochukua. Nimeshamtoa mmoja bondeni, wa pili simtoi barabarani."

Lori likawaka, likampita pole pole. Alikuwa amelala pale tangu asubuhi, na sasa limepita karibu yake mpaka moshi umemfunika, na yeye haliangalii. Anaangalia ingobyi inavyokuja.

Sasa nikueleze kitu, maana wewe wa mjini labda huna habari. Kwetu ingobyi ikipita njiani, yeyote aliye njiani anaingiza bega. Haombwi. Hata kama wewe na mwenye mgonjwa hamsalimiani mwaka wa tatu, hata kama mna kesi ya mpaka wa shamba. Aliyechoka anainama anatoka, aliye karibu anaingia, ingobyi haisimami. Na neno lolote mlilo nalo linawekwa chini mpaka mgonjwa afike. Ukiwa na mti wa ingobyi begani hudai na hudaiwi. Ndivyo tulivyokuta, na ndivyo walivyofanya wazee wetu walipotoka Burundi na wagonjwa wao.

Kwa hiyo ingobyi ilipofika kwenye kundi letu, ikawa inapita bega kwa bega. Melkiadi akaingia. Nestori akaingia, kiatu kimoja kimezama tope akakiacha huko huko. Mama Marit akaingia, mfupi, akawa anatembea kwa vidole ili bega lifike. Na mtu wa mbele kulia akachoka, akainama akatoka, na aliyekuwa karibu yake alikuwa Bwana Halden.

Mti wa ingobyi ukatua begani kwake kabla hajajua ni nini.

Hakuna aliyesema "mshikishe huyu". Hakuna aliyesema "huyu asishike". Alikuwa njiani, basi.

Akayumba, akashika kwa mikono miwili. Jeanne alikuwa anapiga kelele sasa, zile kelele ambazo si za mtu anayeita, ni za mwili wenyewe. Akarusha mkono akakamata kilichokuwa karibu, akakamata kola ya Bwana Halden, akaing'ang'ania. Yule mzungu akatembea hivyo, shingo imevutwa upande, anahema, midomo inacheza. Sijui alikuwa anasali au anahesabu.

Tulipofika kwenye ule mkaratusi akageuza kichwa, akapiga kelele kuelekea uwanja wa pampu, sauti ambayo sikujua anayo:

"Ndayisenga! Geuza! Usipakie! Geuza, njoo!"

Na kutoka kule uwanjani ikaja sauti ya kijana wa Manyovu:

"Nimeshageuza, bosi! Nakuja!"

Alikuwa hajawasubiri hata wale wa spana waliokwenda naye. Aliwaacha wamesimama uwanjani.

Landkruza ya ubalozi ikaingia kwenye mihogo ya Melkiadi kupisha. Melkiadi akafungua mdomo, akaangalia ingobyi, akafunga mdomo. Lori likaja, likasimama mbele ya mti. Wakafunga cheni kwenye shina, winchi ikaanza kulia.

Mti ukasogea. Kidogo. Tena kidogo.

Cheni ikakatika.

Ilipita hewani ikapasua kioo cha lori, na ajabu haikugusa mtu. Anifa akainama kwenye ingobyi akaweka sikio tumboni, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Moyo wa mtoto unapungua," akasema.

Tharsisi alikuwa amekaa chini, kashika kichwa. Generosa akamwendea. Nikadhani anamchapa kofi, na ningekuwa mimi ningemchapa. Akamshika kwapa akamwinua.

"Uliuangusha kwa ajili ya maji yangu. Sasa utoe kwa ajili ya mke wako. Inuka, baba."

Wakaifunga cheni upya, fundo juu ya fundo. Safari hii winchi haikuachwa peke yake. Tuliingia wote. Kamba za ng'ombe, mipini ya majembe kama mitaimbo, mikono mitupu. Wale wa spana nao walikuwa wamefika, wakaingia. Nestori peku mguu mmoja. Mama Marit kafunga koti kiunoni. Bwana Halden ameweka mgongo kwenye shina, anasukuma kwa miguu kama anayezaa yeye.

"Haya! Haya! Twende!"

Mti ukageuka. Ukajikokota. Ukaanguka mtaroni na majani yake yote.

Landkruza ikatoka kwenye mihogo. Jeanne akaingizwa nyuma, Anifa pembeni yake. Nafasi ikabaki ya mtu mmoja. Generosa ameshaweka mguu.

"Mama, samahani," Anifa akasema. "Wakimpasua watataka damu. Nipe kijana."

Generosa akashusha mguu. Akamsukuma Tharsisi ndani kwa mikono miwili, akafunga mlango mwenyewe. Gari likaondoka na kibendera chake, likapotea kwenye kona, na sisi tukabaki tumesimama barabarani kama watu waliosahau walichokuja kufanya.

Jeanne alikuwa hapigi kelele tena alipoondoka. Hilo sikumwambia Generosa. Yeye naye alilisikia, hakuniambia.

Sasa wageni wetu hawana pa kwenda. Gari la ubalozi limekwenda Kasulu, lori halina kioo na giza linakaribia. Mama Marit akapanda kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba ya Generosa, anatafuta mtandao, tunamwona anazungumza kwa ukali, mkono mmoja unakata hewa. Aliposhuka sauti ilikuwa imekauka.

"Nimezungumza na balozi. Nimemwambia akiacha pampu hii ing'olewe, mimi sitasimama tena mbele ya watu wa mkoa huu kuwaomba chochote. Atawapigia wakubwa wa benki sasa hivi. Atanijibu leo."

"Na Jeanne?" Generosa akauliza.

"Anifa ana namba yangu. Atapiga simu hii hii."

Simu zetu zote zilikuwa zimezimika, umeme hakuna tangu mvua ianze. Imebaki hiyo moja. Ikawekwa kwenye mfuko wa nailoni, ikatundikwa kwenye msumari juu ya dirisha, maana mle ndani ni pale tu mtandao unashika.

Bwana Halden alikaa kizingitini. Kola imechanika. Generosa akamletea maji ya kunawa uso.

"Mama," akasema, "nisikudanganye. Kesho amri bado ni amri. Wao wakisema chukua, nitachukua."

"Najua."

"Na wewe?"

"Nitalala tena."

"Na mimi kesho naumwa," Ndayisenga akadakia. "Tumbo. Nasikia linaanza."

Bwana Halden akacheka, kicheko kidogo, akajifuta macho kwa mkono wa tope. Nestori naye akakohoa akasema kesho asubuhi ataenda mwenyewe kwa mkubwa wake wa mkoa, hataandika, ataenda, na atamwambia alichokiona. Hatukumshangilia. Lakini Melkiadi alimpa kandambili.

Majirani wakaleta walichonacho. Ugali wa muhogo, maharage, mlenda, dagaa wa ziwa kwenye sufuria. Hakuna aliyekuwa ameonja kitu tangu asubuhi. Mkeka ukatandikwa, lakini hakuna aliyekaa. Unakaaje? Kila mtu anaangalia ule mfuko dirishani.

Na simu ikalia.

Ilikuwa inatetemeka ndani ya nailoni, taa inawaka inazimika. Kutoka pale huwezi kuona ni nani. Kasulu au ubalozi. Jeanne au pampu.

Mama Marit akapiga hatua.

"Oya, hapana," Generosa akasema. "Iache."

"Generosa, inaweza kuwa..."

"Najua inaweza kuwa nini." Alikuwa ameshika ukuta. "Habari ya msiba ikiingia kwenye nyumba hii, moto unazimwa, na hicho chakula kinamwagwa, hakuna atakayekila. Ndiyo kwetu. Watu hawa wamembeba mwanangu na njaa. Wamesukuma mti na njaa. Kama ni mbaya, itakuwa mbaya hata tukishakula. Kama ni nzuri haitaoza. Mimi sina nguvu ya kuisikia nikiwa hivi, na nyinyi hamna nguvu ya kunishika nikianguka. Kaeni."

Simu ikanyamaza.

Ikaanza tena.

Mama Marit akaangalia simu, akaniangalia mimi. Wote wakaniangalia mimi, maana ndiye mkubwa, na mkubwa asipoanza hakuna anayeanza.

Nikatamani kukimbilia dirishani. Jeanne ni mjukuu wangu, nilimpa mimi jina.

Nikakaa.

Generosa akakaa kulia kwangu. Bwana Halden akakunja miguu yake mirefu, akakaa palipobaki, goti lake limegusana na la Nestori. Mama Marit, Ndayisenga, Melkiadi, wale wa spana, wote wakajibana mkekani. Simu inalia. Nikanawa, nikamega ugali, nikachovya maharage, nikatia mdomoni. Haukuwa na ladha yoyote. Nikameza.

"Kuleni," nikasema.

Wakala.